Nyumba za Skimu: Makazi ya Umma Yaliyopotea Kando ya Mto Tana



Mada niliyopewa ni nyumba za umma zilizobomolewa kando ya maji. Nadhani walionipa walikuwa wakiifikiria Mombasa, na hasa Buxton, ule mtaa wa tangu ukoloni karibu na daraja la Nyali na hori ya Tudor, ambao ulianza kubomolewa mwaka 2021. Buxton tutaifikia. Lakini sikuona sababu ya kuja Garsen kuwasimulia watu wa Tana habari za Mombasa, kana kwamba nyumba za serikali hufa mjini tu. Mto huu una nyumba zake za umma. Zilijengwa kwa mistari, zikapewa namba, zikajazwa watu, zikaachwa. Nyingine zilivunjwa kwa amri, nyingine na mto, na nyingi zilikufa kwa njia ya polepole zaidi: pampu ilisimama, maji yakakatika, mwenyeji akaondoka, mchwa wakamaliza kazi.

Hoja yangu naitaja mapema ili anayetaka kunipinga ajiandae. Kando ya Tana watu wamehama tangu jadi na nyumba zimebomoka tangu jadi, na hilo peke yake halikuwa msiba. Msiba ulianza pale serikali ilipoikaza nyumba ikamlegeza mwenyeji. Ilijenga makazi yasiyoweza kuhama, ikaweka ndani yake watu wanaoweza kuhamishwa siku yoyote.

Tuanze na mto wenyewe, maana ndiye mpangaji wa kwanza wa vijiji vyetu. Tana inashuka kutoka Aberdare na Mlima Kenya, inasafiri karibu kilomita 1,000, na inapofika huku chini ardhi ni tambarare hata maji hayana haraka ya kuamua yapite wapi. Wengi mnajua kwamba mdomo wa Kipini haukuwa mdomo wa Tana siku zote. Mto ulikuwa ukiingia baharini upande wa kusini-magharibi zaidi, na Kipini ilikuwa ya mto Ozi. Mfereji wa Belezoni, uliochimbwa enzi za masultani wa Witu ili mitumbwi ivuke kutoka Tana hadi Ozi, ndio uliofungua njia, na kufikia mwisho wa karne ya 19 mto wenyewe ukaifuata njia hiyo. Watu walichimba mchirizi wa mitumbwi, mto ukaugeuza kuwa barabara yake kuu. Mji wa Ungwana, ambao magofu yake yako mwambao huohuo na yalichimbuliwa na James Kirkman, ulikuwa umeshahamwa zamani za kale. Kwa hiyo mtu anayedai kuwa watu wa Tana hawajui kuhama, huyo ni mgeni.

Wapokomo walijenga wakilijua hilo. Nyumba ya zamani ilikuwa ya nyasi, ya mviringo, nyepesi. Shamba lilifuata ukingo, kwa sababu maji ya mafuriko ndiyo yaliyoleta udongo mpya wa kupanda mpunga, ndizi na mahindi. Mto ukila ukingo wa upande huu, wazee walikaa, wakagawa upya, na familia ikajenga mahali pengine bila kupoteza haki yake ndani ya ukoo. Waorma nao walikuwa na mpango wao wa kuhama: kiangazi kikikaza, ng'ombe walishuka mtoni kwa njia za malka, na mvua ikinyesha wakarudi bara. Waswahili husema nyumba ya udongo haihimili vishindo. Ni kweli, lakini methali hiyo haiwagusi watu wa hapa, maana nyumba zao hazikujengwa ili zihimili vishindo. Zilijengwa ili ziachwe bila kilio, na kilichohimili vishindo kilikuwa ukoo na ardhi yake.

Sasa twende Hola.

Serikali ya kikoloni ilianza majaribio ya kilimo cha umwagiliaji Hola mwaka 1953. Tarehe hiyo si bahati nasibu. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, na makumi ya maelfu ya watu wakawekwa kizuizini. Skimu tatu za kwanza kubwa za nchi hii, yaani Mwea, Perkerra na Hola, zote zilijengwa kwa jasho la mahabusi wa Mau Mau. Kila tunapokula wali wa Mwea tukumbuke nani alichimba mifereji.

Hola ilikuwa na kazi ya ziada. Ilichaguliwa kuwa mahali pa watu ambao serikali haikutaka warudi kwao kamwe. Palikuwa na kambi mbili. Kambi ya ndani ilikuwa ya waliokataa kutii, na ile ya nje ilikuwa ya waliohesabiwa wamelainika kidogo, ambao walikusudiwa kupewa vijishamba vya kumwagilia, waletewe familia zao, wakae. Hapo ndipo ninapopaona kama mwanzo wa nyumba za umma kwenye mto wetu: makazi yaliyopangwa na serikali, yenye mistari, yenye maji ya mfereji, na mkaazi aliyekatazwa kuondoka. Mpangaji wa kwanza wa serikali kando ya Tana alikuwa mfungwa.

Yaliyotokea tarehe 3 Machi 1959 yanajulikana dunia nzima kuliko yanavyojulikana hapa Garsen. Chini ya mpango uliobuniwa na ofisa wa magereza aliyeitwa Cowan, mahabusi 85 wa kambi ya ndani walitolewa wakafanyishwe kazi ya mfereji kwa nguvu. Walipokataa walipigwa. Watu 11 walikufa, na wengine wengi wakaumizwa vibaya. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema watu hao walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Uchunguzi wa vifo ukaonyesha ni kipigo. Usiku wa tarehe 27 Julai mwaka huo Bunge la London lilijadili Hola, na mmoja wa waliosema kwa ukali zaidi alikuwa Enoch Powell, mtu wa chama tawala chenyewe, ambaye baadaye alijulikana kwa kuwachukia wahamiaji weusi. Historia ina vituko vyake.

Kilichofuata hakisimuliwi sana. Kambi zilifungwa, mahabusi wakarudishwa kwao au wakahamishwa, na yale makazi yaliyokusudiwa kuwa ya kudumu yakakosa watu. Jina la Hola lilikuwa limechafuka hata mji ukaitwa Galole kwa muda, kabla ya jina la zamani kurudi. Galole likabaki jina la jimbo la uchaguzi, pamoja na Garsen na Bura. Lakini mifereji ilikuwepo, mashine za maji zilikuwepo, na serikali si mtu wa kuacha mfereji ukauke kwa sababu ya aibu. Mashamba yakagawiwa upya, safari hii wengi wa waliopewa wakiwa Wapokomo wa hapahapa, na wachache kutoka jamii nyingine. Pamba ikapandwa na vijiji vya skimu vikajengwa. Mfungwa alitoka, mkulima akaingia, na utaratibu wa kukaa ukabadilika kidogo tu.

Nasema kidogo tu kwa sababu ya sheria. Mwaka 1966 Bunge letu huru lilipitisha Sheria ya Umwagiliaji iliyounda Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji, ile NIB mliyoizoea. Kanuni zake zilikuja kuchapishwa upya mwaka 1977, na naomba kila kijana anayesoma sheria azitafute azisome, kwa sababu ndizo zilizokuwa mkataba wa nyumba wa watu wetu. Mkulima wa skimu hakupewa hati, alipewa leseni. Alitakiwa kuishi ndani ya skimu, kulima alichoambiwa kwa namna itakayomridhisha meneja, na kuitunza nyumba ile. Waliotambuliwa kuishi naye ni wazazi wake, mke au wake zake, na watoto wasiooa au kuolewa walio chini ya miaka 18. Fikirini maana yake. Kijana akifika miaka 18, katika nyumba aliyozaliwa, katika kijiji ambacho hana kingine, kisheria anakuwa mgeni. Baba akivunja kanuni, hupoteza leseni. Akipoteza leseni, nyumba inakwenda pamoja nayo.

Sisemi mameneja wote walikuwa wakali. Wengi walifumba macho, vijana wakaoa hapohapo, vibanda vikaongezwa uani. Lakini haki inayotegemea meneja kufumba macho si haki, ni hisani.

Kisha mto ukafanya kazi yake. Mwaka 1989 Tana ilibadili mkondo Hola na kupaacha mahali palipokuwa na pampu. Skimu iliyolimwa kwa zaidi ya miaka 30, yenye hekta zisizofika 900 na wakulima wapatao 700, ilisimama. Mkulima wa jadi angehamia kwenye ukingo mpya. Mkulima wa skimu hakuweza, kwa sababu leseni yake ilitaja mahali pasipo maji tena, na ukingo mpya ulikuwa wa watu wengine. Kwa karibu miaka 20 watu waliishi katika vijiji vya umwagiliaji bila umwagiliaji, wakichoma makaa, wakifanya vibarua, wakingoja chakula cha msaada. Ni mpaka mwisho wa muongo wa kwanza wa karne hii ndipo Hola ilipofufuliwa kwa pampu na mfereji mpya. Waliongoja wakaishi walirudi mashambani; waliokufa wakingoja hawakuwa na cha kurithisha.

Bura nitaikalia zaidi, kwa sababu Bura ndiyo ndoto kubwa kuliko zote zilizowahi kuotwa kwenye mto huu.

Mwaka 1977 serikali, pamoja na Benki ya Dunia na wafadhili wa Ulaya, iliidhinisha mradi wa umwagiliaji na makazi wa Bura, ukingo wa magharibi wa Tana. Mpango ulikuwa hekta 6,700 na familia zaidi ya 5,000. Watu wangeletwa kutoka kila mkoa wa Kenya, hasa wasio na ardhi. Kila familia ingepata hekta moja na robo ya pamba na mahindi, kibustani cha mboga, na nyumba katika kijiji chenye shule, zahanati na maji. Gharama ilikadiriwa kuwa dola milioni 98. Maji yangepampuliwa kutoka Nanigi na kusafirishwa kwa mfereji mrefu hadi mashambani.

Familia za kwanza ziliingia mwaka 1981. Mwaka huohuo bwawa la Masinga lilikamilika huko juu. Mto ulikuwa unafungwa kichwani na kunyweshwa pamba kiunoni, na yeyote aliyeuliza mkia utapata nini aliambiwa asizuie maendeleo.

Wanaokumbuka miaka ile husimulia malori yaliyoshusha watu na masanduku yao mchana wa jua la Bura. Watu waliotoka Nyeri, Kisumu, Kakamega, Machakos, wakashuka pamoja na Wapokomo na Waorma waliobahatika kuandikishwa. Vijiji havikuwa na majina, vilikuwa na namba, na mpaka leo mtu wa Bura akiulizwa kwao atakutajia namba. Malaria iliwapokea vibaya, hasa waliotoka kwenye baridi ya milimani ambako mbu ni hadithi. Utapiamlo wa watoto ulizungumzwa katika ripoti za wakati ule, jambo la kushangaza katika mradi wa kilimo; lakini pamba hailiwi, na malipo ya pamba yalichelewa. Wenyeji nao walikuwa na lao. Wafugaji walikuta njia za kushukia mtoni zimekatwa na mifereji, na malisho ya kiangazi yamekuwa mashamba ya watu wasiowajua. Chuki nyingi tulizozika katika ardhi hii zilipandwa miaka ile, kwa nia njema kabisa, na watu waliokuwa na ramani nzuri.

Mradi ukapunguzwa kabla haujakomaa. Badala ya hekta 6,700 zikaendelezwa kama 2,500; badala ya familia zaidi ya 5,000 zikaketi kama 2,200, katika vijiji 10. Gharama haikupungua kwa kiasi hicho. Kwa hiyo kila hekta ikawa ghali mno, na Bura ikaingia katika vitabu kama mfano wa kuonya wa umwagiliaji barani Afrika. Pampu za dizeli zilikula mafuta, zikala vipuri, zikajaa tope la mto. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 maji yalikuwa hayafiki msimu baada ya msimu. Wafadhili walishaondoka. Bodi ikaondoka, wizara ikaja, wizara ikalemewa.

Hapo ndipo nyumba zilipoanza kufa. Hakuna siku moja ambayo mtu wa Bura anaweza kuitaja akasema leo walibomoa. Familia moja ilirudi Nyeri baada ya mavuno kukosekana, ikafunga mlango. Mlango ukachukuliwa. Kisha dirisha. Kisha mabati, maana mabati ni mali na aliyebaki ana shida. Ukuta uliobaki bila paa haukuvuka mvua za El Niño za 1997 na 1998. Wanaposema Bura ilibomolewa na mafuriko, mimi husema mafuriko yalikuta kazi imeshafanywa. Nyumba isiyo na mwenyewe hubomolewa na kila anayepita.

Na juu ya magofu hayo ukaota mathenge. Mti huu uliletwa Bura mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa sababu wapangaji wa mradi waligundua kwamba maelfu ya familia zitahitaji kuni na msitu wa kando ya mto hautatosha. Wafini walifadhili mashamba ya kuni. Mathenge haukuhitaji leseni wala pampu. Ulihamia mifereji, ukahamia malisho, ukaingia hadi mlangoni kwa watu. Wenzetu wa Baringo, walipochoshwa na mti huohuo, walimpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi kuonyesha jinsi maganda yake yalivyomng'oa meno. Sisi hatukumpeleka hata mbuzi.

Haki inadai niseme pia kwamba Bura haikufa yote. Wapo waliokaa. Watoto wa walioshushwa na malori wamezaliwa hapo, wameoana, wanasema Kiswahili chenye lafudhi isiyopatikana kwingine, na baadhi yao wanakijua Kiorma vizuri kuliko lugha za babu zao. Umwagiliaji umefufuliwa kiasi, na serikali imechimba mfereji wa kuteremsha maji bila pampu. Bodi yenyewe imegeuka Mamlaka ya Taifa ya Umwagiliaji chini ya sheria mpya ya 2019. Ila mwulize mzee wa kijiji chenye namba akuonyeshe hati ya nyumba yake.

Huku kwetu deltani yalitokea mengine ambayo nitayapitia haraka, kwa kuwa nyinyi mnayajua kuliko mimi. Mradi wa mpunga wa TARDA, ile mamlaka ya serikali ya kuendeleza mito ya Tana na Athi, wenye makao Gamba, ulijenga tuta kubwa kuzuia mafuriko yasiingie mashambani. El Niño ileile ya 1997 ikalivunja. Huko juu kidogo, mwaka 1976, msitu wa ukingo ulitangazwa kuwa hifadhi ya nyani wa aina mbili wasiopatikana kwingineko duniani, mangabei wa Tana na mbega mwekundu. Vijiji vilivyokuwemo vikageuka wavamizi ndani ya mashamba ya babu zao. Baadhi ya familia zilikubali kuhamishiwa upande wa Kipini, wengine wakagoma wakaenda mahakamani, na mwaka 2007 Mahakama Kuu iliamua kwamba hifadhi haikuundwa kihalali kwa kuwa wenyeji hawakushauriwa. Nimeitaja kesi hiyo kwa sababu ni mara chache mtu wa Tana kushinda hoja ya makazi mbele ya jaji, na walioshinda hawakuwa na karatasi ya serikali. Walikuwa na mashamba, makaburi, na majina ya mababu yaliyojulikana na kila mtu.

Na kuna mafuriko. Mito yote hufurika, lakini Tana ya leo ina ngazi ya mabwawa matano kuanzia Masinga hadi Kiambere, na Masinga ikijaa maji hayana budi kushuka. Mabwawa yamepunguza yale mafuriko madogo ya kila mwaka yaliyoleta rutuba, na bado hayawezi kuzuia yale makubwa. Tumekosa faida, hasara tumebaki nayo. 2018 mnaikumbuka. Mwisho wa 2023 mnaukumbuka, na katikati ya 2024 mnaikumbuka zaidi. Kila mara watu hupanda penye mwinuko, hupewa mahema, huambiwa wasirudi chini, kisha maji yakikauka hurudi chini kwa sababu shamba liko chini. Wakubwa husikitika kwenye televisheni kwamba watu wa Tana ni wabishi. Si ubishi. Anayekataa nyumba isiyo na hati penye mwinuko, akarudi kwenye shamba ambalo ukoo wake unalitambua, amepiga hesabu sahihi.

Sasa Buxton, kama nilivyoahidi. Mtaa ule ulijengwa na baraza la mji wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi, ukarithiwa na manispaa, kisha na kaunti ya Mombasa. Zaidi ya familia 500 ziliishi hapo kwa kodi ndogo, nyingi zikiwa kizazi cha pili au cha tatu. Kaunti haikukarabati, kodi haikupanda, kuta zikachakaa. Kisha ikasemwa nyumba zimechakaa mno zibomolewe. Chini ya ubia wa kaunti na kampuni binafsi ya Gulf Cap, wapangaji walipewa pesa za kuhamia kwingine, mtaa ukaangushwa, na mahali pake pakainuka maghorofa ya kuuzwa, yanayoitwa Buxton Point. Walikuwepo waliofurahi, na maghorofa ni mazuri, sitawadanganya. Kulikuwa na kesi na malumbano pia. Ninachotaka mkione ni kwamba kiwanja karibu na hori, dakika chache kutoka mjini, kilibadili thamani, lakini mtu aliyelipa kodi hapo miaka 40 hakuwa na sehemu ya thamani ile. Alikuwa na ahadi ya kufikiriwa kwanza atakapotaka kununua.

Tofauti ya Buxton na Bura ni bei ya ardhi. Penye bei kubwa mpangaji wa umma hufukuzwa na anayetaka kujenga, na penye bei ndogo hufukuzwa na kusahauliwa. Katika hali zote mbili karatasi aliyonayo ni ileile, ruhusa ya kukaa. Ndiyo maana sikubaliani na wanahistoria wa miji wanaoandika kana kwamba mkosaji mkuu ni tingatinga. Tingatinga huja mwishoni. Huja kumaliza kitu kilichokwisha kuamuliwa siku ya kwanza, pale ofisi ilipochagua maneno ya kuandika kwenye fomu ya mkaazi.

Mtaniuliza, yote haya ya nini leo? Mwezi Machi 2024 Rais alitia saini Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu. Kila mwajiriwa anakatwa asilimia moja na nusu ya mshahara wake na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Mwalimu wa Garsen anakatwa, muuguzi wa Hola anakatwa. Nyumba hizo zinakusudiwa kujengwa katika kila kaunti, na yetu imo. Sipingi. Nimelala nyumba zinazovuja za kutosha kujua kwamba nyumba imara ni neema. Lakini kaunti hii imeshajengewa nyumba na serikali mara mbili, na mara zote mbili kilichokosekana hakikuwa saruji.

Kwa hiyo nina maombi kwa wakubwa waliomo humu. Kwanza, bunge la kaunti lizitake Mamlaka ya Umwagiliaji na Tume ya Taifa ya Ardhi ziseme wazi, kwa maandishi, wakaazi wa vijiji vya Hola na Bura wana haki gani juu ya nyumba na viunga walivyokalia tangu 1981 na kabla yake, na lini watapewa hati. Pili, nyumba yoyote mpya itakayojengwa penye mwinuko kwa ajili ya waathiriwa wa mafuriko ikabidhiwe pamoja na hati yake, na haki ya familia juu ya shamba la ukingoni isifutwe kwa sababu imekubali kulala juu. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaruhusu jamii kusajili ardhi yake. Ukingo wa mto ni wa kusajiliwa mapema, kabla mtu mwingine hajaja na ramani. Tatu, malka za wafugaji ziingizwe katika ramani hiyohiyo, maana makazi yanayoziba njia ya ng'ombe kwenda majini hayatakuwa na amani, na katika mapigano ya wakulima na wafugaji ya mwaka 2012 tulizika watu wa kutosha.

Ombi la mwisho ni kwenu wenyeji. Wengi wenu mna wazazi waliokuwa wakulima wa Hola au Bura, na katika masanduku yao zimo leseni za zamani, stakabadhi za pamba, kadi za zahanati zenye namba ya kijiji na namba ya nyumba. Msizichome, msifungie karanga. Zipelekeni kwenye maktaba au shule iliyo karibu zipigwe nakala, pamoja na majina ya walioishi humo, kwa sababu siku kesi itakapofika kortini, karatasi hizo ndizo ushahidi pekee kwamba nyumba hizo zilikuwa na watu.